Mguu wa Klachi na Usiku wa Pili Wodini: Uchambuzi wa Kisa cha Dereva Mwenye Mabonge ya Damu Mapafuni Aliyekuwa Akikatika Pumzi Usingizini

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa anayezungumziwa hapa tulimhudumia katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam. Yeye na mkewe waliridhia habari zake ziandikwe kwa sharti la kutotambulika. Kwa hiyo jina, mtaa, kampuni na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya madaktari wa zamu, maafisa tabibu na wauguzi, ingawa msomaji asiye wa fani hii naye ataweza kukifuata bila taabu. Kiini chake ni kwamba mgonjwa alikuwa na maradhi mawili yanayounyima mwili hewa, moja la ghafla na jingine la miaka mingi, na lile la ghafla lilipogunduliwa lilituridhisha kiasi kwamba kila dalili iliyofuata tuliisingizia hilo, mpaka usiku mmoja tulipokaribia kumdhuru.

Mgonjwa na kazi yake

Ni mwanamume wa miaka 52, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akibeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kupitia mpaka wa Tunduma. Uzito wake ulikuwa kilo 112 kwa urefu wa sentimita 170, na mzunguko wa shingo sentimita 45. Havuti sigara. Alikuwa na shinikizo la juu la damu kwa miaka sita, akitumia amlodipini, losartani na haidroklorothiazaidi kwa pamoja, na bado vipimo vyake kliniki vilizunguka kwenye 160 kwa 100. Kadi yake ya kliniki ilibeba sentensi ile ile mara tatu: mgonjwa ahimizwe kumeza dawa. Mkewe anasema alikuwa akizimeza mbele yake kila asubuhi awapo nyumbani.

Kadi hiyo hiyo ilionyesha kwamba amepimwa sukari mara mbili, kwa sababu alilalamika kuamka usiku mara nne kwenda kukojoa, na mara zote mbili sukari ilikuwa ya kawaida. Suala la kukojoa likaishia hapo. Hakuna mahali kwenye kadi palipoandikwa jinsi anavyolala.

Safari iliyotangulia ugonjwa ilichukua siku 12. Tatu kati ya hizo zilikwisha kwenye foleni ya malori mpakani, ambako dereva hathubutu kutoka usukani, kwa kuwa malori yakisogea naye asisogee, amepoteza zamu. Kitanda cha nyuma ya kiti alimwachia utingo wake aliyekuwa na homa, naye akalala ameketi usiku wote tatu. Maji alikunywa kwa kujibana, ili asilazimike kushuka kila mara.

Kutoka mguuni hadi kifuani

Siku ya tano baada ya kurudi Dar es Salaam alianza kuumwa nyama ya mguu wa kushoto. Aliona ni jambo la kawaida, kwa maana huo ndio mguu wa klachi, na kila dereva mkongwe anao mguu wa klachi unaomsumbua. Alinunua dawa ya kuchua na mkewe akamchua kwa jioni mbili. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi imevutika na kung'aa kidogo, lakini yeye aliona nafuu ya joto la ile dawa akaridhika.

Usiku wa pili wa kuchuliwa, mnamo saa tisa, aliamka ghafla akihema kama aliyekimbia, kifua kikimchoma upande wa kulia kila anapovuta pumzi. Mkewe alidhani ni jinamizi. Hilo halikuwa wazo la kipuuzi kwake, kwani kwa miaka mingi alikuwa akimwona mumewe akikabwa usingizini kisha akizinduka kwa kishindo, na walikwisha kusomewa dua na kunywa kombe kwa sababu hiyo. Alimsomea tena, akamketisha, wakangoja kukuche.

Asubuhi walikwenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana vimelea, akapewa dawa za nimonia na kikopo cha kuleta makohozi kwa ajili ya kupima kifua kikuu. Sioni sababu ya kuwalaumu sana waliompokea. Katika nchi yetu homa, kikohozi na kichomi huelekeza fikra kwenye nimonia, na damu kwenye makohozi huelekeza kwenye kifua kikuu, na mara nyingi fikra hizo huwa sahihi. Kilichokosekana ni kitu kidogo sana: hakuna aliyemwambia apandishe mguu wa suruali.

Siku mbili baadaye makohozi yalikuja na michirizi ya damu, na alipokuwa akipanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu katika barabara ya Morogoro aliona giza, akashika ukingo wa chuma na kuketi pale pale kwenye ngazi. Wapita njia walimchukua kwa bajaji wakamleta kwetu.

Mapokezi na maamuzi ya saa za kwanza

Alipofika mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, pumzi 28 kwa dakika, shinikizo la damu 148 kwa 94, joto 37.6 na kiwango cha oksijeni kwenye damu asilimia 88 bila msaada wa hewa. Mguu wa kushoto ulizidi wa kulia kwa sentimita tatu, ukipimwa kwa utepe chini ya goti. Eksirei ya kifua ilikuwa karibu ya kawaida, na jambo hilo pekee lilitosha kutuondoa kwenye nimonia: mapafu yanayoonekana safi hivyo kwa kawaida hayana sababu ya kumwacha mtu na oksijeni ya asilimia 88, isipokuwa tatizo liwe kwenye mishipa inayopeleka damu humo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mwendo wa kasi na dalili kwamba upande wa kulia wa moyo ulikuwa ukielemewa.

Tulimpa alama za Wells, zinazokadiria uwezekano wa bonge la damu mapafuni: dalili za bonge la damu mguuni alama 3, kutokuwepo kwa maelezo mengine yanayofaa zaidi alama 3, mapigo zaidi ya 100 alama 1.5, na kukohoa damu alama 1. Jumla ni 8.5, na zaidi ya 4 huhesabiwa kuwa uwezekano mkubwa. Hapo kipimo cha damu cha D-dimer hakina kazi tena, kwani faida yake ni kumwondolea shaka mgonjwa ambaye uwezekano wake ni mdogo. Kwa mgonjwa kama huyu hata kingekuja cha kawaida tusingekiamini. Hatukukiagiza, na fedha ya familia ikaenda kwenye picha ya CT ya mishipa ya mapafu.

Picha hiyo isingepatikana kabla ya asubuhi. Uamuzi wa kwanza wenye uzito ulikuwa ama kuanza dawa bila picha ama kungoja. Tulianza enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, usiku ule ule, miligramu moja kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, kwa kuwa hatari ya bonge jingine kupanda kutoka mguuni ilizidi sana hatari ya kumtoa damu mtu asiye na kidonda cha tumbo, asiye na upasuaji wa karibuni na mwenye figo nzima. Makohozi yalipelekwa vilevile kwenye GeneXpert, mashine ya kutafuta vimelea vya kifua kikuu. Jibu lake halikuwa na kifua kikuu, na lilitufaa kwa sababu nyingine pia: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dawa nyingi za kuzuia damu kuganda, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuchagua kidonge cha kwenda nacho nyumbani.

Picha ilionyesha mabonge katika mishipa ya mapafu yote mawili, hasa sehemu za chini, na chumba cha kulia cha moyo kikiwa kimetanuka. Troponini, protini inayopanda kwenye damu msuli wa moyo unapoumia, ilikuwa juu kidogo. Palitokea mjadala wa kumpa dawa ya kuyeyusha mabonge. Niseme hapa kwamba enoksaparini na vidonge vya jamii hiyo, ambavyo wagonjwa na hata baadhi yetu huviita vya kuyeyusha damu, haviyeyushi chochote. Vinazuia bonge lisikue huku mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu. Dawa ya kuyeyusha hasa ni nyingine, nayo inaweza kusababisha damu kuvuja kwenye ubongo, kwa hiyo huwekewa mgonjwa ambaye shinikizo lake limeporomoka chini ya 90. La huyu lilikuwa juu na likabaki juu. Tuliamua kuiacha, tukamweka wodi ya uangalizi maalumu ili akibadilika tuwe karibu.

Usiku wa pili

Jioni ya siku ya pili alikuwa ametulia, akizungumza sentensi nzima, oksijeni asilimia 95 kwa lita mbili kwa dakika kupitia mrija wa puani. Daktari wa zamu usiku huo nilikuwa mimi.

Saa saba usiku king'ora cha mashine ya kupimia oksijeni kilianza kulia. Kiwango kilishuka hadi asilimia 78, kikapanda hadi 93, kikashuka tena, kikapanda tena. Wazo langu la kwanza, na kwa nusu saa nzima wazo langu la pekee, lilikuwa bonge jipya. Mgonjwa alikuwa akigaagaa, akichomoa mrija, akinikaripia kwa maneno ambayo asubuhi hakuyakumbuka. Niliongeza oksijeni, na ili apumzike niliagiza diazepamu kwenye mshipa, miligramu tano. Baada ya dakika 20 alikuwa amelala kimya chali, na mashine ilisoma asilimia 61.

Muuguzi aliyekuwa zamu, mama mwenye miaka mingi ya wodi hizi, alivuta kiti kando ya kitanda, akavua saa yake ya mkononi na kuilaza juu ya shuka, kisha akaweka kiganja kimoja kifuani kwa mgonjwa na kingine tumboni. Mimi nilikuwa kwenye simu nikitafuta nafasi ya chumba cha wagonjwa mahututi. Aliandika nyuma ya karatasi ya chati, na karatasi hiyo ipo kwenye faili mpaka leo: “Anakoroma. Kimya, sekunde 34. Kifua na tumbo vinapishana. Anashtuka, anavuta kwa nguvu. Anakoroma. Kimya, sekunde 41.” Aliponiita hakupaza sauti. “Daktari, huyu pumzi haifiki hata huko mapafuni,” alisema, akagusa koo lake mwenyewe. “Inakwamia hapa.”

Bonge la damu halifanyi kifua na tumbo vipishane. Kupishana kule ni mtu anayejitahidi kuvuta hewa kupitia njia iliyojifunga, na ukimya ule unaofuatiwa na mshtuko ni pumzi kukatika usingizini, ugonjwa ambao misuli ya koo hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa tena na tena usiku kucha. Diazepamu ilikuwa imeilegeza zaidi na kuuchelewesha ubongo kuzinduka. Oksijeni niliyoongeza nayo haikuwa suluhisho, kwani huifanya namba ya kwenye mashine ipendeze huku njia ikiwa imefungwa na kabonidioksidi ikijikusanya.

Tuliinua kichwa cha kitanda, tukamgeuza kwa ubavu na kumwekea mto mgongoni asirudi chali, muuguzi akamshikilia taya kwa zamu na mwenzake. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri dawa ilikuwa imepungua nguvu, na mashine ilikuwa ikicheza kati ya 86 na 94. Kipimo cha gesi za damu kilionyesha kabonidioksidi imepanda kidogo tu, na bikaboneti ilikuwa 25, kiwango ambacho kilitupunguzia hofu kwamba alikuwa pia na tatizo la kudumu la kupumua kidogo mno linalowapata wenye unene mkubwa. Shinikizo la damu halikushuka wakati wowote, na hakuna dalili nyingine ya bonge jipya iliyojitokeza.

Mkewe alipoleta uji asubuhi nilimuuliza, “Mama, baba akilala hulalaje?” Alicheka kwanza, akaeleza kwamba wapangaji wa chumba cha pili hugonga ukuta. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kwa kila daktari mwanafunzi tangu siku hiyo: “Akikoroma mimi nalala, daktari. Akinyamaza ndipo naamka nimsukume.”

Yaliyofuata

Maswali ambayo hayakuulizwa kwa miaka sita yaliulizwa asubuhi moja. Kwenye dodoso la STOP-BANG, lenye vipengele vinane kuanzia kukoroma hadi mzunguko wa shingo, alipata vyote vinane. Kwenye kipimo cha Epworth cha usingizi wa mchana alipata 17 kati ya 24, ambapo zaidi ya 10 si kawaida. Alikiri kwamba utingo humwamsha kwenye foleni za mizani, na kwamba aliwahi kuzinduka matairi ya kushoto yakiwa tayari yanasaga kokoto za pembeni, usiku, mteremkoni. Hakuwahi kumwambia mtu.

Hatukumpima usingizi wodini. Moyo uliokuwa umeelemewa, oksijeni ya puani na makelele ya wodi vingechafua matokeo, na tulichohitaji mara moja kilikuwa usalama: alilala kwa ubavu, kichwa juu, na kwenye ukurasa wa mbele wa faili tuliandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe dawa ya usingizi wala ya maumivu yenye asili ya afyuni bila kushauriana na daktari bingwa. Siku ya nane aliruhusiwa akiwa na rivaroksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, miligramu 15 mara mbili kwa siku pamoja na chakula kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku. Warfarini, kidonge cha zamani cha kazi hiyo hiyo, ni nafuu kwa bei, lakini inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara, na mtu ambaye huenda akawa Mbeya au Lubumbashi siku ya kipimo hawezi kuitumia kwa usalama.

Wiki ya tano alilala na kifaa cha kupimia usingizi nyumbani kwake. Pumzi ilikatika au kupungua kwa wastani wa mara 52 kwa saa, na zaidi ya 30 huitwa hali kali. Oksijeni ilishuka hadi asilimia 68. Alianzishiwa mashine ya kusukuma hewa puani, ile iitwayo CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Hailazimishi mapafu kupumua. Shinikizo la hewa yake huliweka koo wazi, kama upepo unavyolijaza tanga lisikunjamane.

Kuipata kulikuwa kugumu kuliko tiba yenyewe. Bima yake haikuigharamia, ukoo ulichanga, na kifaa kilinunuliwa kikiwa kimetumika. Barakoa ya kwanza ilikuwa ndogo, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari jasho liliifanya iteleze kila alipogeuka. Umeme ukikatika usiku alikuwa akiamka na barakoa usoni bila hewa. Mtoto wake, fundi wa redio, aliiunganisha na betri ya gari.

Kuhusu usukani tulimwambia wazi kwamba asiendeshe lori hadi tiba ya usingizi ithibitike. Hili lilimuuma kuliko habari ya mapafu. Kampuni ilimpa kazi ya kupanga magari yadini kwa mshahara usio na posho ya safari, na kwa miezi mitatu ya kwanza alinilaumu mimi, si ugonjwa.

Je, kimoja kilileta kingine?

Karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alihusisha kuganda kwa damu ndani ya mishipa na mambo ambayo leo tunayafundisha kwa majina matatu: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuelekea kuganda. Dereva huyu anaweza kuwekwa chini ya yote matatu, na ugumu wa kisa ni kujua ni lipi lililobeba mzigo mkubwa.

Kutuama kunaonekana wazi. Alikaa siku tatu mpakani magoti yakiwa yamekunjwa, bila maji ya kutosha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya mradi wake kuhusu safari: safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, huongeza uwezekano wa damu kuganda takriban mara mbili. Lakini mara mbili ya kitu kidogo bado ni kidogo. Kwa wasafiri wenye afya wanaoruka kwa zaidi ya saa nne ilikadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 6,000. Huyu alikuwa amekaa hivyo hivyo mamia ya mara bila kuugua. Safari peke yake hainitoshi.

Pumzi inayokatika usingizini huingia kwenye yale mawili yaliyobaki. Kila mara njia inapofungwa oksijeni hushuka, na inapofunguka hupanda ghafla. Kushuka na kupanda huko mara kadhaa kwa saa huzalisha kemikali zinazoumiza utando wa ndani wa mishipa. Mwili nao hujibu kama uliotishwa: adrenalini hupanda, na shinikizo la damu, ambalo kwa kawaida hushuka mtu akilala, hugoma kushuka. Hapa ndipo presha yake ilipokuwa ikitoka, na ndiyo maana vidonge vitatu vilishindwa. Kwa watu wenye ugonjwa huu imeonekana pia kwamba faibrinojeni, protini inayogandisha damu, huwa juu, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, hushikana kwa wepesi zaidi, na uwezo wa mwili wa kumeng'enya mabonge madogo hupungua. Hata kukojoa kwake usiku kuna maelezo humo: moyo unaovutwa na kifua kinachohangaika hudanganyika kuwa umejaa maji, ukatoa homoni inayoyafukuza kupitia figo.

Tafiti zilizofuatilia makundi makubwa ya watu zimekuta mabonge ya damu mara nyingi zaidi kwa wenye pumzi inayokatika kuliko kwa wasio nayo, na zimeonekana dalili kwamba wanapopata bonge la mapafuni, huwapata usiku zaidi. Mgonjwa wetu aliamka saa tisa usiku. Hata hivyo, unene peke yake huleta mabonge, na unene huo huo huleta pumzi kukatika. Kuvitenganisha viwili hivyo kwenye hesabu si rahisi, na baadhi ya tafiti zilipozingatia uzito ziliona uhusiano ukififia. Msimamo wangu ni kwamba pumzi kukatika ni mshiriki, na si sahihi kumwandikia mgonjwa kwamba ndiyo iliyomletea bonge.

Upo pia mshikamano mwingine ambao dereva huyu alinifanya niutazame upya. Majimaji yanayojaa miguuni kwa mtu aliyeketi kutwa hupanda kuelekea shingoni anapolala, na kuibana njia ya hewa. Katika utafiti mdogo wa watu wenye mishipa mibovu ya miguu, kuvaa soksi za kubana mchana kulipunguza kukatika kwa pumzi usiku. Kwa hiyo kiti kile kile cha lori kinachotuamisha damu mguuni kinaweza pia kuwa kinachangia kulifunga koo.

Vidonge hadi lini?

Swali hili ndilo lililotugawa. Kanuni inataka angalau miezi mitatu kwa kila mgonjwa, na baada ya hapo huulizwa kama bonge lilichochewa na jambo lililokwisha, mfano upasuaji mkubwa, au lilikuja bila kichocheo cha namna hiyo. Wenzangu wawili walisema: safari ilikwisha, mguu umepona, aache dawa. Mimi nilisema kwamba safari ni kichocheo hafifu, kwamba kwenye alama za Wells hata haihesabiwi, na kwamba kwa dereva safari haiishi. Unene upo, pumzi inakatika, na wanaume hurudiwa na mabonge zaidi ya wanawake. Upande wa pili wa mizani ulikuwa hatari ya kutoka damu, ambayo kwake ilikuwa ndogo mradi presha ishuke, na bei ya vidonge, ambayo haikuwa ndogo.

Alimaliza miezi sita kwa dozi kamili. Kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha upande wa kulia wa moyo umerudi kwenye umbo lake na shinikizo la mishipa ya mapafu limebaki juu kidogo tu, jambo ambalo bonge la zamani na pumzi kukatika vyote vinaweza kulieleza. Kisha tulimshusha hadi miligramu 10 kwa siku, dozi iliyothibitishwa kwa ajili ya kuzuia marudio baada ya miezi sita, na tukakubaliana kuuangalia upya uamuzi kila mwaka.

Tulipopatia na tulipokosea

Kuanza dawa kabla ya picha, kuacha D-dimer, na kutotumia dawa ya kuyeyusha ni maamuzi ambayo ningeyarudia. Kosa la diazepamu ni langu. Haikuwa kwamba sikuijua hatari ya dawa hiyo kwa mtu mwenye shingo ya sentimita 45; nilikuwa na jina la ugonjwa tayari, likaniziba macho. Utambuzi sahihi ulinipotosha kuliko ambavyo kutojua kungefanya, kwa sababu kama nisingejua kuhusu bonge ningemtazama mgonjwa badala ya kuitazama mashine.

Makosa ya kliniki ya presha ni ya kimyakimya zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo makubwa. Mtu mwenye dawa tatu zisizofanya kazi, anayeamka mara nne kukojoa na sukari ikiwa sawa, alikuwa akitueleza ugonjwa wake kila mwezi. Sisi tukamwandikia ahimizwe. Nalo lina mizizi mitaani: anayekoroma husifiwa kwamba amelala usingizi wa pono, kitambi kinahesabiwa neema, na anayesinzia mchana anaambiwa amechoka na kazi. Daktari hutoka katika mitaa hiyo hiyo.

Fomu yetu ya kumpokea mgonjwa sasa ina mstari unaouliza anavyolala, na swali huelekezwa kwa anayelala naye chumba kimoja, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hajui.

Hali ilivyo sasa

Mwaka umepita. Mashine yenyewe hurekodi matumizi, na inaonyesha wastani wa karibu saa tano kwa usiku. Uzito umepungua kilo saba. Shinikizo la damu ni 134 kwa 84 kwa dawa zile zile tatu, na alama za Epworth zimeshuka kutoka 17 hadi 6. Mwezi wa nne alikwenda msibani mkoani kwa wiki mbili akaiacha mashine nyumbani. Alirudi akisinzia na presha ikiwa 158, ingawa bonge halikurudi, kwani vidonge aliendelea navyo. Bado yuko yadini. Ombi lake la kurudi barabarani liko kwa mwajiri pamoja na barua yetu na kumbukumbu za mashine, na utingo wake wa zamani amekwisha kumwulizia fundi namna ya kuiunganisha na betri za lori, ambazo ni za volti 24.

Kwenye kliniki ya mwisho aliniuliza, “Daktari, kama hii mashine ndiyo dawa ya pumzi, na pumzi ndiyo iliyoharibu damu, mbona vidonge bado namezeshwa?” Nilimjibu kwamba mashine imethibitishwa kwa usingizi wake na kwa presha yake, lakini hakuna jaribio lililothibitisha kwamba inazuia mabonge yasirudi, na vidonge vimethibitishwa kwa mabonge lakini havifungui koo. Alitafakari, akauliza kama basi anaweza kuviacha viwili vyote siku za Jumapili. Nikamwambia hapana, akacheka, akachukua karatasi yake ya dawa na kwenda famasi.